Juu ya Kujifundisha Mwenyewe

Watu hutumia neno "kujua" kwa mambo mawili yasiyofanana. Mpishi hujua kiasi cha chumvi pasipo kupima, na mwenye duka hujua uzito wa chumvi iliyomo mizanini. Wote wawili husemwa kwamba wanaijua chumvi. Maadamu kila mmoja yu katika kazi yake, hapana ugomvi. Ugomvi huzuka siku mpishi aulizwapo ni vijiko vingapi, akakosa jibu, na muulizaji akatoka akisema kwamba mpishi yule hajui kupika. Je, muulizaji amesema haki?

Nataka kulichungua swali hili kwa mfano wa gitaa, kwa kuwa ndiyo ala ambayo vijana wengi wa upande wa bara wa Mombasa, tangu Likoni hata Changamwe na Kisauni, hujifundisha wenyewe bila ya mwalimu wala darasa. Gitaa si mgeni kwetu pwani. Fundi Konde, mwana wa pwani aliyezaliwa mwaka 1924, alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme; na Them Mushrooms, waliotoa wimbo wa Jambo Bwana mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikuwa bendi ya Mombasa. Lakini shule zenye mwalimu wa muziki ni chache, na zenye magitaa ya kutosha ni chache zaidi. Atakaye kujifunza hana budi ajifundishe.

Tumfikirie kijana mmoja wa Changamwe. Gitaa lake limepita mikononi mwa watu watatu kabla ya kumfikia yeye. Mchana hufanya kibarua, na jioni huketi kibarazani akilipiga. Amejifunza kwa kutazama vidole vya waliomtangulia, na kwa kutazama simu ya mkononi, ambamo mtu wa mbali humwonyesha pa kuweka kidole. Kwa muda wa miaka mitatu amekuwa mpigaji hodari, na watu wa mtaa humwalika arusini. Siku moja aitwa kupiga pamoja na kwaya iliyo na mpiga kinanda aliyesoma. Mpiga kinanda amwambia kwa upole kwamba waimbaji wamechoka, na wimbo ushushwe hatua moja, utoke katika D uende katika C. Kijana hana la kujibu. Vidole vyake vinaijua D na vinaijua C, tena amezipiga mara elfu, lakini hakuna aliyemwambia kwamba ndivyo ziitwavyo. Atazama chini, na wimbo huimbwa kwa kinanda peke yake. Waliokuwapo wagawanyika. Wako wasemao kwamba kijana hajui muziki, bali amekariri tu. Wako wasemao kwamba anajua sana, na kwamba majina yale ni pambo la wasomi, wala mtu hapigi gitaa kwa majina.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea, lakini makosa yao si sawa kwa uzito.

Wa kwanza wamekosea, na kosa lao ni dhuluma. Mwenda Jean Bosco alizaliwa Katanga mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka akirekodi muziki wa Kiafrika, alimkuta katika mji wa Jadotville, uitwao sasa Likasi, akamrekodi. Wimbo wake wa Masanga ulivuka mipaka mingi, na mwaka 1959 mwenyewe alifika Nairobi, mahali ambapo vijana walikwisha kuzijua sahani zake. Alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada: gumba likitembea juu ya nyuzi nene, shahada ikijibu juu ya nyuzi nyembamba, na mapigo yakipishana hata msikilizaji akadhani kwamba wapigaji ni wawili. Mwaka 1961 na 1962 mtaalamu David Rycroft alichapisha makala mbili ambamo aliziandika kwa nota nyimbo za Bosco. Fikiri, msomaji, subira iliyohitajika kwa msomi kuirudia sahani tena na tena, ili apate kukamata katika karatasi kile ambacho vidole vya Bosco vilikitenda kwa dakika tatu. Katika habari hii, nani alikuwa mjuzi na nani mwanafunzi? Yule aliyejua kuandika ndiye aliyeketi miguuni pa yule aliyejua kupiga. Haiwezekani basi kusema kwamba palipo na muziki wa namna ile hapana ujuzi.

Wa pili, wasemao kwamba majina ni pambo, huleta hoja yenye nguvu kuliko wanavyodhani wenyewe. Husema kwamba herufi za A hata G ni desturi ya Wazungu, na kwamba wazee wetu waliimba na kucheza ngoma karne nyingi bila ya herufi hizo. Maneno ya mwisho ni kweli. Lakini si kweli kwamba kuzipa sauti majina ni desturi ya Wazungu peke yao. Mtazame mpiga udi wa taarabu. Shingo ya udi wake ni laini toka juu hata chini, haina vijichuma vya kumwonyesha mahali, na kidole kikikosea kwa unene wa uzi, sauti imeharibika. Bingwa kama Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefanya makazi yake Mombasa na kufariki mwaka 2016, aliongozwa na sikio na mkono tu. Hata hivyo wapiga udi wana majina: husema rasti, husema bayati, husema hijazi, na mwenzi asikiaye neno moja katika hayo hujua nyimbo itapita njia gani. Katika karne ya 9 al-Kindi wa Baghdad alikwisha kuzitaja sauti za udi kwa herufi za Kiarabu. Udi wenyewe ulivuka bahari ukaenda Ulaya, na neno al-ud likageuka huko likawa jina la lute, ala iliyokuwa kipenzi cha Wazungu kwa karne kadhaa. Majina ya sauti, basi, hayana kabila. Kila mahali watu walipotaka kupiga pamoja, waliyatafuta.

Maana jina ni mapatano. Huko Kisauni ingali imesimama kengele ya Freretown, mji uliojengwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Yasemwa kwamba kengele ile ililizwa kuwaonya watu wakati wa hatari. Shaba ni shaba, na mlio wake haukuwa na neno lolote ndani yake. Ulikuwa onyo kwa sababu waliousikia walikwisha kupatana juu ya maana yake. Mgeni aliyefika jana, ingawa sikio lake ni kali kuliko ya wote, aliusikia mlio ule ule asijue akimbie au akae. Kijana wetu mbele ya mpiga kinanda ni mgeni wa namna hiyo. Sikio lake halina upungufu. Alichokosa ni mapatano.

Sasa tuitazame kazi yenyewe ya kujifunza majina hayo, kwa kuwa watu wengi huikimbia kabla hawajaijua. Gitaa lina nyuzi 6, na kutoka uzi mnene kwenda uzi mwembamba zinaitwa E, A, D, G, B, na E tena. Juu ya shingo vimelazwa vijichuma viitwavyo freti, na kila freti moja hupandisha sauti kwa nusu hatua. Herufi ni saba, lakini hazikupangwa kwa nafasi sawa: kutoka B kwenda C ni nusu hatua tu, na kutoka E kwenda F ni nusu hatua tu, na kwingine kote ni hatua nzima, yenye sauti moja katikati yake. Ukihesabu utapata sauti 12, kisha majina huanza tena. Nyuzi 6 zikizidishwa kwa freti 12 ni mahali 72, na majina ni 12 tu. Hapo ndipo ugumu ulipo, na hapo pia ndipo nafuu ilipo. Katika kinanda kila sauti ina mahali pake pamoja. Katika gitaa sauti moja ina makazi mengi. Ile E ya uzi mwembamba kabisa, uliopigwa wazi bila kidole, hupatikana pia katika freti ya 5 ya uzi wa B, na freti ya 9 ya uzi wa G, na freti ya 14 ya uzi wa D. Kinanda humwonyesha mwanafunzi wake kila kitu waziwazi; gitaa huficha, na alitakaye hana budi kulichimba.

Lakini kijana aliyejifundisha tayari anajua zaidi ya anavyodhani. Kila jioni, kabla ya kupiga, hupatanisha nyuzi zake: huweka kidole katika freti ya 5 ya uzi mnene na kuulinganisha na uzi unaofuata, na hivyo hivyo katika nyuzi zote, ila katika uzi wa G ambapo hutumia freti ya 4. Kwa nini freti ya 5? Kwa sababu kutoka E kwenda A ni nusu hatua tano. Kwa nini basi ya 4 katika uzi wa G? Kwa sababu kutoka G kwenda B ni nusu hatua nne. Miaka mitatu vidole vyake vimekuwa vikitamka sentensi ambayo ulimi wake haukuijua. Mwalimu mwenye busara angeanzia hapo, kwa kile ambacho mkono unakijua, wala asingemtupia mwanafunzi majina 72 kama orodha ya wafalme wa kale. Ajue kwanza uzi mnene na ule wa A unaofuata. Kisha aonyeshwe kwamba sauti yoyote ya uzi mnene hupatikana kwa jina lile lile, ila juu zaidi, ukivuka uzi mmoja na kwenda freti mbili mbele. Kwa kanuni hiyo moja, uzi wa D umejulikana bila kukaririwa.

Nimesema mwalimu mwenye busara. Lakini ajifundishaye hana mwalimu, na hapa twafika penye jambo la maadili hasa. Ajifundishaye ni mwanafunzi, na mwalimu, na mkaguzi, wote katika nafsi moja. Yeye hujiwekea mtihani, naye hujisahihishia. Ni wachache sana katika sisi ambao, wakipewa kalamu nyekundu wajisahihishie wenyewe, huitumia kwa haki. Majirani hawamsaidii, kwa sababu humsifu; na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Simu nayo haimsaidii katika hili. Mtu yule wa mbali husema vizuri na kuonyesha vizuri, lakini hasikii. Mwanafunzi akipiga vibaya, mwalimu wa simu huendelea kutabasamu vile vile.

Je, ajifundishaye hana kipimo kilicho nje ya nafsi yake? Anacho, na chenyewe ni gitaa. Achukue rula apime uzi tangu pale unapoanzia shingoni hata pale unapofungwa chini. Ikiwa ni sentimita 65, atakuta freti ya 12 iko kwenye sentimita 32 na nusu, yaani katikati kabisa; na uzi ukikatwa nusu hutoa sauti ya jina lile lile, juu zaidi. Freti ya 1 ataikuta kama sentimita 3 na milimita 6 na nusu kutoka mwanzo, kwa sababu kila freti hukata karibu sehemu moja katika 18 za uzi uliosalia. Kanuni ya 18 aliiandika Vincenzo Galilei, mpiga lute wa Italia, mwaka 1581. Mwanawe ni yule Galileo aliyetazama mbingu kwa darubini. Mambo haya hayabadiliki kwa sifa za majirani. Kijana aliyekwisha kuyapima kwa mkono wake ana mahali pa kusimama anapojihukumu.

Lakini hapo hapo hukutana na jambo litakalomtatiza. Siku moja atapatanisha nyuzi mpaka sauti za E zikipigwa pamoja ziwe tamu kama asali. Kisha apige C, na C imechacha. Arekebishe C, na E iharibike. Atadhani sikio lake ni bovu, au gitaa lake ni bovu, na wengine hufa moyo hapa. Sikio lake ni zima kabisa. Alipolegeza uzi wa G ili E iwe tamu, alichukua utamu huo kutoka kwa C, ambayo huutaka uzi ule ule ukiwa wazi na ukiwa juu kidogo. Freti zimepangwa kwa suluhu: kila mkusanyo wa sauti hutoa sehemu ndogo ya utamu wake, ili yote ipate kuvumilika. Mpiga udi hafungwi na suluhu hiyo, maana kidole chake huenda kitakako. Mpiga gitaa amefungwa. Jambo hili mtu hawezi kuligundua kibarazani kwa akili yake peke yake, hata akipewa miaka mia. Lazima aambiwe na aliyekwisha kulijua, kwa mdomo au kwa kitabu.

Kwa hiyo nayatazama kwa mashaka maneno ambayo vijana wengi hupenda kuyasema: "Sikufundishwa na mtu." Najua yanakotoka. Yametoka katika dhiki, na kuna fahari ya halali katika kushinda dhiki. Sipendi kumnyang'anya mtu fahari hiyo. Lakini maneno yenyewe si kweli. Aliyechonga shingo ya gitaa na kulaza freti alimfundisha. Waliomtangulia kibarazani walimfundisha. Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11, aliyezipa sauti majina ambayo sisi leo tunaimba do, re, mi, alifanya hivyo ili waimbaji wachanga wapate kujifunza kwa muda mfupi wimbo ambao hawajapata kuusikia. Katika karne ya 19 mwalimu wa kike wa Uingereza, Sarah Glover, alibuni mtindo wa kuandika majina hayo kwa herufi za kawaida. John Curwen akautengeneza, na wamisheni wakaueneza Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule wa Afrika Kusini, aliandika nyimbo zake kwa mtindo huo. Mmoja, alioutunga mwaka 1897, sauti yake ndiyo iimbwayo leo katika wimbo wa taifa wa Tanzania. Kila mmoja katika hawa alimkopesha kijana wa Changamwe kitu fulani pasipo kumwona.

Deni la namna hii halilipwi kwa waliokopesha, kwa kuwa wengi wao wamekwisha kufa. Hulipwa kwa wadogo. Nimewaona wapigaji wawili wa aina mbalimbali katika jambo hili. Mmoja, akifuatwa na mtoto atakaye kujifunza, hugeuka upande ili vidole vyake visionekane, na husema, "Mimi nilihangaika, nawe hangaika." Huyo amegeuza taabu yake kuwa ukuta. Mwingine ni mkarimu, humwita mtoto akae karibu, lakini kwa kuwa hajui majina, lote awezalo kusema ni "Tazama hapa, halafu hapa." Mtoto akiwa mbele yake ataona. Akiwa ng'ambo ya kivuko cha Likoni na kuuliza kwa simu, hataambiwa kitu. Akiwa kipofu, hataambiwa kitu. Na mpigaji akifa, ujuzi wake utazikwa pamoja na vidole. Hii ndiyo sababu kubwa niionayo mimi ya kujifunza majina. Aliyejifundisha hayahitaji sana kwa kupiga kwake mwenyewe. Anayahitaji ili aweze kusahihishwa na mwingine, na ili aweze kutoa.

Tunao mfano wetu wenyewe. Kabla ya uhuru wa mwaka 1963 Kenya ilitaka wimbo wa taifa, na kazi ikapewa tume ya watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Sauti waliyoichagua ilikuwa ya wimbo wa kubembeleza watoto wa Wapokomo wa Mto Tana. Akina mama wale hawakuwa na haja ya mtu kuwaambia jina la sauti ya kwanza wala ya pili. Waliujua wimbo wao kwa kifua. Lakini ili tarumbeta za bendi ziupige, na ili mtoto wa Kisumu na mtoto wa Changamwe wauimbe bila kwenda Tana kuusikia, ilipasa uandikwe. Waandishi hawakuwaongezea akina mama ujuzi wowote. Waliufungulia ujuzi huo mlango.

Wala sitaki kuficha kwamba kuna kilichobaki nyuma ya mlango. Nota huonyesha ni sauti gani na ya muda gani. Mama abembelezaye hupunguza mwendo kidogo kidogo kwa kuyatazama macho ya mtoto, huacha maneno akaendelea kwa pua, hunyamaza kabla ya ubeti kwisha ikiwa mtoto amekwisha lala, na kesho yake akauanza kutoka katikati. Hayo hayamo katika karatasi ya tume, na atakaye kuyajifunza itambidi bado akae karibu na mwimbaji, usiku, pasipo kusema neno.